Kujua aina halisi ya faili: uamini jina, baiti za mwanzo, `file`, DROID, Magika, au ulifungue lote?

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, wateja wengi wa stesheneri yetu hapa Isevya, Tabora, huja na shida inayofanana. Dada mmoja alikuja jioni na flashi yenye faili lililoandikwa CHETI.pdf. Mfumo wa maombi ulikuwa umelikataa mara tatu, bando limemwishia, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa usiku uleule.

Nikafungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, nikaandika `Format-Hex`, amri inayoonyesha baiti za faili, pamoja na jina la faili. Mstari wa kwanza ulianza na FF D8 FF E0, na pembeni zikaonekana herufi JFIF.

"Dada, hii ni picha. Siyo PDF."

"Lakini kaka, si imeandikwa PDF?"

Aliyempigia picha cheti chake kwa simu alibadilisha jina tu: alifuta .jpg akaandika .pdf. Tuliigeuza kuwa PDF ya kweli, ikapokelewa. Ila swali lake nimelisikia pia kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya kupokea nyaraka, na wao wakikosea hawaishii kuchelewa maombi. Kwa hiyo naziweka njia zote pamoja hapa, ili ujue ushike ipi kwa kazi gani.

Jina la faili, na neno la kivinjari

Sokoni kwetu asali kutoka Sikonge huuzwa ndani ya chupa zilizowahi kuwa za maji. Lebo bado inasema maji ya kunywa. Hakuna mnunuzi anayeisoma. Anainamisha chupa, anatazama inavyotiririka, anaomba kuonja. Mkia wa jina la faili, yaani ile .pdf au .jpg, ni lebo ya namna hiyo. Yeyote anaweza kuibadilisha, na kilichomo hakibadiliki hata chembe.

Windows huongeza tatizo kwa kuficha mikia ya majina inayoijua. Faili linaloitwa picha.jpg.exe utaliona kama picha.jpg, ukalibofya kwa moyo safi. Vile virusi vya flashi vinavyogeuza folda zako kuwa njia za mkato huishi kwa mchezo huohuo: unachokiona kama folda ni faili la .lnk, na ukilitazama kwa heksa (namba za msingi wa 16) linaanza na 4C 00 00 00 01 14 02 00.

Kwa mtengeneza mfumo kuna lebo ya pili. Kivinjari kinapopakia faili hutuma na maelezo ya aina yake, kwa mfano image/jpeg, nayo PHP, lugha ya programu za seva, huyaweka kwenye `$_FILES` chini ya `type`. Wengi huyachukua kama ushahidi. Mara nyingi kivinjari kimekisia kutokana na mkia uleule wa jina, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji kivinjari kabisa, anaandika anachotaka. Usiyategemee kwa uamuzi wowote wa usalama.

Jina lina kazi yake, hata hivyo. Maandishi matupu hayana saini (alama ya aina, naieleza hapa chini): faili la .csv, la .txt na la .py yote huanza na herufi yoyote aliyoanza nayo mwandishi. Na pale jina linaposema hivi na kilichomo kinasema vile, tofauti hiyo yenyewe ni habari ya kuandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo.

Baiti za mwanzo kwa jicho lako

Aina nyingi za mafaili zilipewa na waliozibuni alama ya kudumu, kwa kawaida mwanzoni kabisa. Ndiyo saini ya faili. Kwenye Windows unaiona kwa `Format-Hex` au programu ya HxD. Kwenye Linux kwa `xxd faili | head`. Kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili, kuanzia 00 hadi FF.

Saini ninayoipenda kuliko zote ni ya PNG: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Walioibuni katika miaka ya 1990 walikuwa wanajua mafaili yanavyoharibika njiani. Baiti ya 89 inazidi mpaka wa herufi za kawaida, kwa hiyo ikipita kwenye njia inayobeba biti 7 tu itabadilika na utajua. Zinafuata herufi P, N, G, ili binadamu asome. Halafu 0D 0A, mwisho wa mstari kwa desturi ya DOS: programu iliyobadilisha miisho ya mistari ikidhani ni maandishi itaacha alama hapo. Kisha 1A, inayosimamisha uchapishaji kwenye DOS ili skrini isijae takataka. Na mwisho 0A peke yake, kunasa mabadiliko ya upande wa pili. Baiti nane, na kila moja ina kazi. Ukimfundisha kijana saini za mafaili, mwanzishe na hii. Ataelewa kwamba hazikuchaguliwa kwa bahati.

Nyingine utazizoea haraka. JPEG huanza na FF D8 FF na kwa kawaida huisha na FF D9. GIF huandika GIF87a au GIF89a waziwazi. PDF huanza na %PDF- ikifuatwa na toleo. Programu za Windows huanza na MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft, na ZIP huanza na PK, za Phil Katz aliyeibuni.

Ugumu unaanzia hapo kwenye PK. Faili la .docx ni ZIP. La .xlsx ni ZIP. Vivyo hivyo .pptx, .odt, .epub, .jar na .apk. Saini itakwambia chombo, haitakwambia chakula. Mafaili ya zamani ya .doc, .xls na .ppt nayo yanashiriki saini moja, D0 CF 11 E0 A1 B1 1A E1. RIFF ni mwanzo wa WAV, wa AVI na wa WebP; inabidi uruke hadi baiti ya 8 ndipo uone ni ipi. Hata CA FE BA BE inatumiwa na darasa la Java na pia na programu za Mac zenye msimbo wa prosesa zaidi ya moja.

Tena saini haikai mwanzoni kila mara. MP4 huiweka kuanzia baiti ya 4, neno ftyp, na picha za iPhone za HEIC ni za ukoo huohuo: utaona ftypheic. TAR huandika ustar kwenye baiti ya 257. ISO ya CD huweka CD001 kwenye baiti ya 32769, ambako jicho halifiki. Programu nyingi za kusoma PDF hulikubali faili hata kama %PDF- imetanguliwa na vitu vingine, ilimradi iwe ndani ya baiti 1024 za kwanza. Na ZIP husomwa kuanzia mwisho, kwa kuwa orodha yake ya yaliyomo iko mkiani, hivyo unaweza kubandika kitu chochote mbele yake na bado ikafunguka.

Kwa faili moja la mteja aliyesimama mbele yako, jicho ni njia bora kabisa. Nusu dakika, bila kusakinisha kitu, bila bando. Kwa mafaili elfu moja huwezi.

Zana tatu zinazosoma kwa niaba yako

`file` ni ya kale. Amri hiyo ilikuwamo kwenye Unix tangu 1973. Hii tunayotumia wengi ilianza na Ian Darwin, ikaendelezwa na Christos Zoulas, na moyo wake ni maktaba ya libmagic yenye kanuni nyingi za aina ya "nenda baiti fulani, ukiona hiki, sema hivi". Ipo kwenye Linux karibu zote, na ukisakinisha Git kwenye Windows inakuja nayo. Kwenye PHP inaitwa finfo, kwenye Python unaifikia kwa python-magic. Kama bado unatumia imghdr, moduli ya Python ya kutambua picha, jua imeondolewa tangu toleo la 3.13.

DROID imetolewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, nayo husoma saini kutoka rejista yao ya PRONOM. Hapo kila aina na kila toleo lina namba yake: fmt/18, kwa mfano, ni PDF ya toleo la 1.4. Inatazama mwanzo na mwisho wa faili, inaingia ndani ya ZIP kuona kama ni Word au Excel, na inakuonya mkia wa jina usipolingana na kilichomo. Siegfried ya Richard Lehane hufanya kazi hiyohiyo kwa amri moja, `sf`, bila kuhitaji Java.

Magika ilitolewa na Google kwa umma Februari 2024. Hii haina orodha ya saini. Ni modeli ndogo iliyofunzwa kwa mamilioni ya mafaili, ya megabaiti chache tu, na hutoa jibu ndani ya milisekunde kwenye kompyuta ya kawaida. Uwezo wake mkubwa ni pale wenzake wanapokwama, kwenye maandishi: itatenganisha Python na JavaScript, na CSV na maandishi ya kawaida.

| | `file` | DROID / Siegfried | Magika |
|---|---|---|---|
| Hutegemea | kanuni za baiti | rejista ya PRONOM | modeli iliyofunzwa |
| Toleo la faili | mara nyingine | ndiyo, kwa namba | hapana |
| Maandishi na msimbo | hubahatisha | hutegemea zaidi jina | nguvu yake iko hapa |
| Inaeleza kwa nini | ndiyo | ndiyo, hadi nafasi ya baiti | hutoa alama ya uhakika tu |
| Usakinishaji | mwepesi mno | Java kwa DROID. `sf` mwepesi | kwa Python huja na vifurushi vizito |

Kwa masjala inayoskani nyaraka za miaka mingi na kuzihifadhi, sitasita: Siegfried. Baada ya miaka 20 mtu atataka kujua si kwamba hii ni PDF, atataka kujua ni PDF ipi, na namba ya PRONOM itamwambia. Kwa seva inayopokea mafaili mchana kutwa, `file` ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa ipo tayari na kila jibu lake unaweza kulifuatilia hadi kwenye kanuni. Magika naiweka kwa anayepokea misimbo na maandishi mchanganyiko. Sipendi kuiachia uamuzi wa mwisho wa kukataa faili la mtu, maana akiniuliza sababu sina la kumjibu zaidi ya asilimia. Na kwenye laptopu ya intaneti ya kuunga kwa simu, vifurushi vyake vya Python vitakula bando kabla hujaanza kazi.

Tahadhari moja ya `file` kuhusu .docx: hutambua Word kwa mpangilio wa vitu vilivyomo ndani ya ZIP. Faili lililotengenezwa na programu nyingine likipangwa tofauti, linaweza kuitwa ZIP tu. Usimkatalie mtu kwa hilo. Fungua ZIP yenyewe, utafute `[Content_Types].xml` na `word/document.xml`. Ukikuta na `vbaProject.bin`, kuna makro (amri zinazoweza kujiendesha) ndani, na hapo una haki ya kukataa hata kama jina linaishia na .docx.

Saini inaposema kweli na bado ukaumia

Niliwahi kutengeneza mfumo mdogo wa kupokea nyaraka za wanachama wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku: picha ya kitambulisho, kadi ya benki, fomu iliyosainiwa. Nilishajua kutoamini jina wala neno la kivinjari. Niliweka finfo, ikisema ni JPEG, PNG au GIF, pokea.

Siku moja napitia folda ya picha, nikaona moja ina kilobaiti 3. Picha ya kitambulisho kutoka kwenye simu huwa na mamia ya kilobaiti, au megabaiti kadhaa. Nikaiita `file`, ikajibu: GIF, toleo la 89a, 16188 kwa 26736.

Picha ya pikseli zaidi ya milioni 432 ndani ya kilobaiti 3. Nilizitazama namba hizo muda mrefu kabla ya kuelewa. Katika GIF, mara baada ya herufi sita za saini, baiti mbili ni upana na mbili ni urefu, baiti ya thamani ndogo ikitangulia. 16188 kwa heksa ni 3F3C, yaani baiti 3C kisha 3F: alama `<` na `?`. 26736 ni baiti 70 na 68: herufi p na h. Upana na urefu wa "picha" ile ulikuwa mwanzo wa `<?php`. Mtu aliandika GIF89a, akaunganisha msimbo wa PHP, akautuma kwa jina linaloishia na .php. Finfo ikasoma herufi sita, ikasema ni GIF, na kwa kanuni zake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu mara mbili: nililiacha faili na jina alilolipa mwenyewe, na nililiweka kwenye folda ambayo seva inaendesha PHP.

Niliufunga mfumo usiku ule, nikabadilisha nywila zote, na asubuhi nikaenda kuwaeleza viongozi wa chama. Picha za vitambulisho vya watu walioniamini zilikuwa kwenye seva ileile, na tangu siku hiyo siwezi kumwambia kijana yeyote kwamba kuangalia saini kunatosha.

Faili moja linaweza kuwa aina mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa usalama walionyesha GIFAR: GIF mbele, JAR (ZIP yenye programu ya Java) nyuma, kila programu inayosoma akiridhika na upande wake. Inawezekana kwa sababu ileile niliyoitaja, kwamba ZIP husomwa kutoka mwisho.

Kulifungua lote

Njia ya mwisho ni kulipa faili programu inayolielewa na kuitaka ilisome hadi mwisho. `qpdf --check` hupitia muundo wa PDF. `pngcheck` hukagua jumla za uhakiki za kila kipande cha PNG. `unzip -t` hujaribu kila kilichomo kwenye ZIP, na ffprobe hukwambia kama video ina mkondo wa kweli. Kwa picha, Pillow, maktaba ya picha ya Python, inapaswa kupakia pikseli zote, siyo kusoma kichwa tu.

Hii ndiyo inayostahili kuitwa uhakiki. Faili lililokatika katikati kwa sababu mtandao ulikatika lina saini safi kabisa. Ni kulifungua lote ndiko kutakakoonyesha kuwa nusu yake haipo. Kwa wateja wanaotuma nyaraka kwa simu kutoka Urambo au Kaliua, faili la namna hii ni la kawaida kuliko shambulio.

Bei yake ni muda, na hatari ya aina nyingine. ZIP maarufu ya 42.zip ina kilobaiti 42, lakini ukifungua tabaka zake zote unapata petabaiti 4.5, yaani gigabaiti milioni 4.5 hivi. Kwa hiyo weka kikomo cha ukubwa, cha muda na cha kumbukumbu kabla hujafungua chochote. Pillow hutoa onyo picha ikizidi pikseli milioni 89 hivi, na hukataa ikizidi mara mbili yake; ile GIF yangu isingepita hapo. Na mwaka 2016 ikajulikana dosari ya ImageTragick: ImageMagick, programu ya kuchakata picha, ilikuwa inaangalia kilichomo badala ya jina, ikikuta maelekezo ya kuchora ndani ya faili lililoitwa .jpg inayafuata, na kupitia hayo mtu aliweza kuendesha amri kwenye seva. Saini ndiyo iliyofungua mlango. Dawa ni kuhakikisha saini ni ya aina unayoitarajia kwanza, ndipo uite msomaji, tena kwa kumtajia aina hiyo waziwazi.

Mfumo wangu wa sasa unakwenda hivi. Kikomo cha ukubwa kwanza. Kisha saini kwa libmagic, dhidi ya orodha fupi ya aina ninazozihitaji. SVG, aina ya picha za michoro, haimo, kwa sababu ni maandishi yanayoweza kubeba skripti. Kisha naifungua picha yote na kuiandika upya kuwa JPEG mpya, na kilichobandikwa nyuma yake kinabaki nyuma. Huondoka pia mahali ilipopigwa, ambapo simu nyingi huandika ndani ya picha bila mwenyewe kujua. Ubora hupungua kidogo. Kwa kitambulisho nakubali. Jina natunga mimi, mkia naweka mimi, na folda iko nje ya eneo linalofikiwa na wavuti. Wakati wa kulionyesha, seva hutuma kichwa cha `X-Content-Type-Options: nosniff` ili kivinjari kisianze kukisia upya.

PDF haiandikiki upya kirahisi hivyo. Naikagua kwa qpdf, naipitisha kwa ClamAV, programu ya kusaka virusi, na naitoa kama faili la kupakua, haifunguki ndani ya ukurasa.

Bado kuna watu kama yule dada, na ndio wengi. Anayetuma HEIC iliyobadilishwa jina kuwa .jpg hana ubaya wowote. Simu yake ndiyo iliyompa. Mfumo unaosoma baiti kumi na mbili za kwanza tayari unajua alichotuma, kwa hiyo usimwambie "faili si sahihi" ukamwacha arudie mara tatu na bando linaisha. Kwangu anayekataliwa husoma hivi: "Faili lako linaitwa CHETI.pdf lakini ndani yake ni picha ya JPEG. Itume kama picha kwenye kitufe cha Picha, au igeuze kuwa PDF kwanza. Kubadilisha jina peke yake hakutasaidia."